Chemba ya raifo ya shabaha ya mbali: vipimo vya kuamua kabla mtutu haujakerezwa

Mtutu wa shabaha unaweza kuwa wa chuma bora, michirizi yake (mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa cha risasi) sawasawa toka nyuma hadi mdomoni, na bado ukaharibiwa na sentimita sita za nyuma. Hapo ndipo ilipo chemba, yaani tundu linamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa, pamoja na koo lake, njia fupi ya kuingilia kwenye michirizi. Kosa la hapo halifutwi na darubini ya bei kubwa wala na utulivu wa mpigaji, kwa sababu kichwa cha risasi kinaingia kwenye michirizi kikiwa kimeshakaa upande, na hakuna kitakachokinyoosha baada ya hapo.

Maelezo mengi kuhusu vipimo vya chemba yameandikwa kwa ajili ya wapigaji wa Marekani na Ulaya: watu wanaojaza risasi zao wenyewe mezani, wenye mamia ya maganda ya toleo moja, wanaopiga kwenye hewa ya nyuzi 10 au 20. Mwenye bunduki Mtwara mjini, Lindi, Masasi au Liwale hana mazingira hayo. Risasi anayopata ni ya kiwandani, leo ya kampuni hii, mara nyingine ya kampuni ile. Kuanzia Novemba mpaka Machi joto la mchana linapita nyuzi 30 na unyevu unakaa juu. Pwani ina chumvi hewani mwaka mzima, na ukipanda bara unakutana na vumbi. Msimamo wangu ni kwamba chemba ya huku ifuate risasi itakayopatikana, na iachiwe nafasi kubwa kidogo kuliko ile wanayojivunia washindani wa nje. Ukali wa vipimo uwekwe kwenye koo, ambako unalipa. Kwenye shingo, pale ganda linaposhika kichwa, na kitako, yaani sehemu ya nyuma ya ganda, tusiubane.

Sheria itangulie. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mtu awe na leseni ya kumiliki silaha, na kutengeneza au kubadili silaha ni kazi ya aliyeruhusiwa kuifanya. Kubadili mtutu kumo humo. Mkerezaji wa shafti za boti, hata awe hodari namna gani, si mtu wa kupelekewa kazi hii. Kazi ya mwenye bunduki ni kujua anaagiza nini, ili fundi wa silaha asimwamulie kwa rima iliyotokea kuwepo kabatini.

Risasi kwanza, rima baadaye

Rima ndiyo kisu kinachochonga chemba. Umbo lake lote, yaani mwili, bega, shingo na mara nyingi koo, linahamia kwenye chuma jinsi lilivyo. Ukiagiza rima kabla hujaamua ganda na kichwa cha risasi, umeamua bila kujua.

Kwa kusini yetu ningechagua risasi ya .308 Winchester, iliyotoka mwaka 1952, bila kusita sana. Wanaopenda 6.5 Creedmoor ya Hornady wana hoja ya kweli: vichwa vyake virefu na vyembamba hukata upepo vizuri zaidi, na kwenye mita 900 tofauti inaonekana wazi kwenye karatasi. Lakini .308 hupatikana kirahisi zaidi, mtutu wake hudumu zaidi (mara nyingi risasi 4,000 au zaidi kwa matumizi ya shabaha, wakati Creedmoor huanza kuchoka kati ya 2,000 na 3,000), na ndiyo, pamoja na .223, inayokubalika kwenye mashindano ya kimataifa ya Target Rifle yanayofika yadi 1,000, yaani mita 914. Vipimo vyote ninavyotoa hapa chini ni vya .308 pasipo kutajwa nyingine.

Sasa jibu swali hili kwa unyoofu: utapiga risasi za kiwandani tu, au una ruhusa na vifaa vya kujaza mwenyewe? Kila kipimo kinachofuata kinategemea jibu hilo. Risasi za Ulaya hutengenezwa kwa kiwango cha CIP na za Marekani kwa kiwango cha SAAMI, na viwanda vyote vina haki ya kutumia nafasi nzima iliyo kwenye kiwango. Boksi moja linaweza kuwa na shingo nene, jingine nyembamba. Chemba iliyobanwa chini ya kiwango itakubali boksi la pili na kuligomea la kwanza. Anayepiga risasi za dukani aagize chemba ya kiwango, iliyochongwa kwa rima mpya upande wa chini wa kiwango, aboreshe koo tu. Mwenye bunduki moja anayoitumia kwenye shabaha na pia porini Liwale yuko kundi hili hili, hata kama anajaza mwenyewe. Porini risasi inapaswa kuingia chemba na kutoka bila kubembelezwa.

Shingo

Hapa ndipo watu hupenda kubana, na ndipo hatari inapoanzia. Risasi inapofyatuliwa, shingo ya ganda lazima itanuke ili iachie kichwa. Ikikosa pa kutanukia, kichwa kinabaki kimeshikwa wakati baruti inaendelea kuungua, na presha inapanda kupita ile 4,150 bar iliyowekwa na CIP kuwa kikomo cha .308.

Hesabu yake ni nyepesi. Kichwa kina kipenyo cha mm 7.82 (inchi 0.308). Ukuta wa shingo ya ganda zuri una unene wa karibu mm 0.38 (inchi 0.015). Zidisha kwa mbili, jumlisha na kichwa, unapata mm 8.58 (inchi 0.338) kwa risasi iliyokamilika. Chemba ya kiwango ina shingo ya karibu mm 8.74 mpaka 8.79. Nafasi inayobaki ni mm 0.16 hadi 0.21. Hiyo ni salama kabisa, ila shingo hutanuka sana kila inapofyatuliwa na hurudishwa sana kila inapofinywa kwenye dai (kifaa cha kulirudisha ganda kwenye umbo lake), kwa hiyo shaba huchoka na kupasuka mapema. Kwa anayetupa maganda hilo halimhusu.

Anayejaza mwenyewe anaweza kuagiza shingo ya mm 8.69 (inchi 0.342), ikabaki nafasi ya karibu mm 0.10. Huo ndio mwisho ninaoupendekeza kwa huku. Nje huko wapo wanaoshuka mpaka nafasi ya mm 0.05, na kwa mtu anayekereza unene wa kila shingo na kusafisha chemba baada ya kila mfululizo, inafanya kazi. Kwetu haifai kwa sababu mbili. Ya kwanza ni maganda mchanganyiko: ganda lenye ukuta wa mm 0.42 linatoa risasi ya mm 8.66, na kwenye chemba ya 8.69 imebaki mm 0.03 tu. Punje ya mchanga wa pwani au masizi yaliyokauka shingoni yanaweza kuimaliza nafasi hiyo. Maganda ya kijeshi ya 7.62×51 ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana mara nyingi ni mazito kuliko ya kiraia, na bunduki zake huchongwa chemba ndefu zaidi, kwa hiyo hata ukiyapata kihalali usiyachukulie kuwa sawa na ya .308.

Sababu ya pili ni kwamba faida yenyewe ni ndogo. Kati ya nafasi ya mm 0.10 na mm 0.05, mpigaji wa mita 600 haoni tofauti ambayo upepo wa kusi hautaifunika.

Kipimo kingine cha shingo husahaulika: urefu. Ganda la .308 lina urefu usiozidi mm 51.18, na hukatwa likarudishwa kama mm 50.93. Chemba iache walau mm 0.25 mbele ya urefu wa juu kabisa. Ganda hurefuka kila linapofyatuliwa na kufinywa. Likigusa ukingo wa mbele wa chemba, mdomo wake unabanwa kwenye kichwa kama koleo, na bolti, kifungio cha nyuma ya chemba, itafunga kwa kusukumwa kidogo tu, mpigaji asishtuke. Presha inayotokana na hapo haina onyo lingine. Usiombe chemba fupi kwa matumaini ya kupunguza masizi mbele ya mdomo wa ganda. Safisha tu.

Friboa, pembe na koo

Mbele ya shingo kuna sehemu laini isiyo na michirizi, ndiyo friboa. Baada yake michirizi huanza kwa mteremko. Vipimo vitatu vinaamua kila kitu hapa: kipenyo cha friboa, urefu wake, na pembe ya mteremko.

Kipenyo ndicho kinachokiweka kichwa katikati. Kiwango cha SAAMI cha .308 ni inchi 0.310, yaani mm 7.87, kumaanisha kichwa cha mm 7.82 kina mm 0.05 ya kuyumba. Kwa shabaha agiza inchi 0.3085 (mm 7.84). Hilo ndilo badiliko moja ambalo ningelilipia hata kama kila kingine kingebaki cha kiwango, na halimsumbui mtumiaji wa risasi za kiwandani ilimradi vichwa vyake vipimwe kwa maikromita na visizidi inchi 0.308. Pima vichwa kumi vya kila aina unayokusudia kutumia. Kimoja kikifika 0.3084, agiza 0.3088 badala yake. Kichwa kinachosuguana na ukuta wa friboa ni sawa na kichwa kilichosukumwa ndani ya michirizi.

Pembe ya kiwango kwa .308 ni digrii 1 na dakika 45 kila upande. Rima nyingi za shabaha hutumia digrii 1 na dakika 30, mteremko mrefu kidogo unaokipokea kichwa taratibu. Zote mbili hufanya kazi. Sioni sababu ya kugombana na fundi juu ya robo digrii.

Urefu wa friboa ndio wenye mambo mengi. SAAMI imeweka inchi 0.090 (mm 2.29) kwa .308. Inatosha kwa vichwa vya greini (kipimo cha uzito wa kichwa) 150 hadi 175. Kwenye Target Rifle, ambako kichwa lazima kiwe chini ya greini 156, wapigaji huchagua koo fupi zaidi ili kichwa kifupi kikaribie michirizi huku kikiwa bado kimeshikwa vizuri na shingo. Kinyume chake, anayetaka kichwa kirefu cha greini 200 anahitaji friboa ya kama mm 4 mpaka 5, vinginevyo mkia wa kichwa unazama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. 6.5 Creedmoor imeshafikiriwa hivyo tangu mwanzo: friboa yake ya kiwango ni inchi 0.199, mm 5.05, kwa sababu ilibuniwa kwa vichwa virefu.

Njia ya kupata urefu wako ni kutengeneza risasi ya mfano, isiyo na baruti wala fataki, yaani kiwashio cha kitakoni. Chukua ganda tupu lililofinywa sawasawa. Ingiza kichwa ulichochagua mpaka pale mwili wake ulionyooka unapokutana na mkia uliochongoka pakae kama mm 1 juu ya maungio ya shingo na bega. Sababu ya kuacha hiyo milimita moja ni uvimbe wa shaba ambao hujitokeza ndani ya maungio hayo baada ya ganda kufinywa mara nyingi. Kichwa kikishuka mpaka kwenye uvimbe kinabanwa bila mpangilio, na kasi inatofautiana risasi hadi risasi. Hakikisha pia shingo inakishika kichwa kwa urefu usiopungua nusu ya shingo yenyewe, la sivyo kitapinda ukikigonga mlango wa magazini.

Sasa pima urefu wote wa risasi hiyo. Bunduki ikilishwa kwa magazini, linganisha na magazini yenyewe. Risasi ya .308 ya kiwango ni karibu mm 71, na magazini nyingi huishia milimita moja au mbili juu ya hapo. Ikiwa mfano wako ni mm 74, chagua moja: kupakia risasi moja moja kwa mkono, au kichwa kifupi zaidi. Usirefushe friboa kwa ajili ya risasi isiyoweza kuingia kwenye magazini unayoitumia. Bunduki nyingi zina koo la mm 74 na magazini ya mm 72, na mwenye nayo hawezi kuufikia mwanzo wa michirizi maisha yake yote.

Ukisharidhika, mpe fundi mifano miwili, au wape watengenezaji wa rima kama JGS, Manson au Pacific Tool & Gauge vipimo kamili vya mfano wako, nao watakokotoa friboa. Waambie unataka kichwa kianzie umbali gani toka michirizi. Kwa vichwa vya pua ya kawaida, mm 0.5 ni mwanzo mzuri, na vingi huvumilia hata mm 1.5 bila kutawanyika. Vichwa vyembamba sana vyenye pua ndefu iliyopinda ghafla huchagua zaidi, na mara nyingi hutaka kuwa karibu.

Kugusisha kichwa kwenye michirizi sikupendekezi kwa huku. Presha inapanda, na ukilazimika kuitoa risasi bila kuifyatua, kichwa hubaki mtutuni na baruti inamwagika ndani ya bunduki. Uko uwanjani, jua la saa saba, huna fimbo ya kukisukuma. Siku ya mashindano imekwisha.

Kama unasita kati ya friboa mbili, chukua fupi. Fundi anaweza kuirefusha baadaye kwa rima ndogo ya koo katika muda mfupi. Kuifupisha kunataka mtutu ufunguliwe, ukatwe nyuma na uchongwe upya chemba nzima. Tena koo husonga mbele lenyewe: moto wa baruti unalila kila risasi, kwa hiyo friboa ya mm 2.3 ya leo itakuwa ndefu zaidi baada ya risasi elfu moja.

Bega na kitako

Hedispesi, yaani umbali toka uso wa bolti hadi mstari wa kipimo kwenye bega, kwa .308 huanzia inchi 1.630 (mm 41.40). Geji ya kupita ina urefu huo. Geji ya kutopita ni inchi 1.634 (mm 41.50). Bolti lazima ifunge juu ya ya kwanza na ikatae juu ya ya pili, nayo ijaribiwe ikiwa imetolewa pini na springi ili mkono uhisi. Kwa shabaha mwagize fundi aishie ndani ya mm 0.05 juu ya geji ya kupita. Usimwombe ashuke chini ya geji kwa kudhani unapata usahihi: risasi ya kiwandani iliyo upande wa juu wa kiwango itakataa kufungwa, na nguvu utakayotumia kuifunga itaipinda.

Hedispesi ikiwa ndefu mno, fataki husukuma ganda mbele, mwili wake wa mbele unashika ukuta wa chemba, kisha sehemu ya nyuma inavutwa kurudi kwenye bolti. Shaba inanyooka na kukonda kama sentimita moja juu ya kitako. Dalili ni mstari mng'aavu unaozunguka ganda mahali hapo. Ukiuona, acha kupiga bunduki hiyo mpaka ipimwe.

Kitakoni, kwenye mstari ulio mm 5.08 (inchi 0.200) toka nyuma, ndipo panapotokea kero ya bolti kuinuka kwa urahisi halafu kukwama na kutoa mlio mwishoni. Maana yake ganda limetanuka likajaa chemba na dai halilirudishi vya kutosha. Dai linapaswa kulifinya ganda lililofyatuliwa kwa mm 0.025 mpaka 0.04 mahali hapo. Kwa hiyo kabla ya kuagiza rima, pima ganda lililotoka kwenye dai lako, kisha hakikisha kitako cha rima kinaizidi namba hiyo kwa mm 0.05 hadi 0.08. Watu huagiza rima yenye kitako chembamba kwa sifa, halafu hawapati dai dogo kiasi hicho mahali popote. Rekebisha kwenye karatasi, chuma kikishakatwa hakirudi.

Joto, chumvi na mchanga

Risasi za kiwandani hujaribiwa kwenye joto la chumba, kama nyuzi 21. Boksi lililoachwa kwenye gari lililofungwa, Mtwara, saa nane mchana, linapita nyuzi 50. Baruti isiyo imara kwa joto inaweza kuongeza karibu nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 30 ni kama mita 15 kwa sekunde pamoja na presha yake. Chemba yenye nafasi ya kiasi hulimeza ongezeko hilo. Chemba iliyobanwa shingo na kitako, yenye kichwa kinachogusa michirizi, haina akiba ya kulimeza. Risasi zikae kwenye boksi la baridi lisilo na barafu, kivulini, na usifunge bolti juu ya risasi mpaka uwe tayari kupiga. Chemba iliyokwisha kupiga risasi kumi mfululizo inapika risasi inayosubiri, na kichwa kitapiga juu ya pale ulipolenga.

Chumvi ni adui wa pili. Chuma cha pua cha 416R kinachotumika kwenye mitutu mingi ya shabaha hustahimili zaidi kuliko chuma kisicho cha pua cha 4140, lakini nacho hushika kutu kikiachwa na jasho au masizi yenye unyevu. Mwenye nyumba karibu na bahari, Mikindani au Lindi mjini, achague chuma cha pua bila kubishana. Desturi ya pwani ni kukipaka mafuta kila kitu, na ni desturi nzuri, lakini chemba ikaushwe kabisa kabla ya kupiga. Ganda linatakiwa kung'ang'ania ukuta wa chemba kwa msuguano wakati presha iko juu. Likiteleza kwenye mafuta, mzigo wote unahamia kwenye bolti. Kwa .308 yenye 4,150 bar na kitako cha ndani chenye kipenyo cha karibu mm 10, mzigo huo unapita tani tatu kila mara. Kwa sababu hiyo hiyo usimwombe fundi aing'arishe chemba kama kioo. Mng'aro wa kawaida wa rima kali, uliopitishiwa msasa laini kidogo kwa mzunguko, unatosha.

Mchanga nao hauingii kwenye vitabu vya Ulaya. Uwanja wa wazi wakati wa kusi, bolti iko wazi, punje zinaruka ndani. Punje moja kwenye bega hula nafasi ya hedispesi na kuchora ganda. Punje kwenye friboa ya mm 7.84 inachubua kichwa. Weka kizibo cha chemba kila unaposubiri zamu, na futa kwa kitambaa kikavu kila baada ya risasi ishirini. Anayeona hayo ni usumbufu achague friboa ya kiwango, inchi 0.310, atapiga vizuri tu.

Ya kumuuliza fundi

Mwulize kwanza anaulinganishaje mtutu kwenye kerezo. Jibu unalotaka ni kwamba analinganisha tundu la ndani, si umbo la nje, kwa sababu matundu mengi hayapo katikati ya chuma kikamilifu. Atumie saa ya kupimia inayofika ndani mpaka eneo la koo, na mchezo usizidi mm 0.01. Mwulize pia kama rima yake ina piloti za kubadilisha, yaani ncha za mbele zinazoiongoza ndani ya tundu, na kama atachagua inayopungua tundu kwa mm 0.005 hadi 0.012. Piloti iliyolegea inaiacha rima iyumbe na koo litachongwa upande. Iliyobana inakwangua michirizi.

Kisha mwulize rima imeshachonga chemba ngapi tangu inolewe. Rima butu huacha michoro ya mzunguko ambayo ganda huibeba kila linapotoka. Akikasirikia maswali haya, tafuta mwingine.

Kupima kazi ilipokwisha

Usisubiri uwanjani. Angalia koo kwa kamera ndogo ya mtutu: michirizi yote ianze mahali pamoja, mduara mzima. Ikiwa upande mmoja umeanza mbele na mwingine nyuma, koo limechongwa upande, na hakuna risasi itakayolirekebisha.

Nakala ya chemba hutengenezwa kwa Cerrosafe, metali inayoyeyuka chini ya nyuzi 90. Ziba mtutu kwa kitambaa kidogo mbele ya koo, mimina, uitoe ikishaganda. Ipime baada ya saa moja, wala si mapema, maana hunywea kwanza ndipo irudi kwenye kipimo halisi cha chemba. Linganisha shingo, friboa na kitako na mchoro wa rima.

Kisha fyatua risasi tatu za kawaida, si kali, uwanjani palipoidhinishwa, na upime maganda. Kwenye mstari wa mm 5.08 yapime pande nne: tofauti ikizidi mm 0.02 chemba ina umbo la yai, mara nyingi kwa sababu rima haikukaa mstari mmoja na mtutu. Jaribu kuingiza kichwa kipya kwa vidole kwenye shingo ya ganda lililofyatuliwa. Kikiingia bila kusukumwa, shingo ina nafasi. Kikigoma, usipige tena risasi za aina hiyo kwenye mtutu huo.

Siku hiyo hiyo pima umbali wa kichwa kugusa michirizi, toka kitako hadi pale pua inapokutana na chuma, na uandike pamoja na jina la kichwa chenyewe. Rudia kila risasi 200. Kwa anayejaza mwenyewe, namba hiyo ndiyo inayosema lini kichwa kisogezwe mbele. Kwa anayetumia za kiwandani, inasema lini mtutu unaelekea kuchoka kabla makundi ya matundu hayajaanza kufunguka kwenye karatasi. Mchoro wa rima, namba ya hedispesi, nakala ya Cerrosafe na orodha hiyo ya koo viwekwe bahasha moja na hati za bunduki, kwa kuwa fundi atakayechonga mtutu wa pili atavihitaji vyote vinne.